Bayi na Walker: Marudiano Ambayo Olimpiki Haikuyaona

Usiku wa Jumatatu, Januari 28, 1974, Muhammad Ali na Joe Frazier walipanda ulingoni Madison Square Garden, New York, kwa pambano lao la pili. La kwanza, Machi 8, 1971, Frazier alishinda kwa pointi baada ya raundi 15, tena akamwangusha Ali chini katika raundi ya mwisho. Safari hii zilipigwa raundi 12 na pointi zikaenda kwa Ali. Jasho halijakauka, watu wakaanza kuulizia pambano la tatu.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, upande mwingine wa dunia, upinzani wa wanaume wengine wawili ulifikia kilele katika Uwanja wa Queen Elizabeth II Park mjini Christchurch, New Zealand. Huku hakukuwa na glovu wala kona ya kupumzikia. Kengele ilikuwa moja tu, ya mzunguko wa mwisho, na shughuli nzima ilichukua dakika 3, sekunde 32 na ushei. Mmoja alikuwa John Walker, mwenyeji, pande la mtu mwenye miaka 22 na nywele ndefu zilizopepea kila alipoongeza kasi. Wa pili alikuwa Filbert Bayi wa Tanzania, kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Karatu, wakati Karatu ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu.

Hilo la mipaka lisemwe mapema, maana watu wa Arusha na wa Manyara huweza kugombana kwa ajili yake. Mbulu ya zamani ilikuwa kubwa. Hanang ilimegwa kutoka humo mwaka 1969, Karatu ikafuata katika miaka ya 1990 na kubaki Arusha, na mwaka 2002 ukazaliwa Mkoa wa Manyara ambao ulizichukua Mbulu na Hanang. Kwa hiyo mtu wa Dongobesh au Haydom ana haki zote za kumwita Bayi wa kwao, na mtu wa Karatu naye hajadanganya. Bayi ni Mwiraqw, na Wairaqw hawakuhama pale serikali ilipochora mstari mpya kwenye karatasi.

Sasa turudi uwanjani. Ilikuwa siku ya mwisho ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mita 1,500. Rekodi ya dunia ilikuwa dakika 3:33.1, ya Mmarekani Jim Ryun, na ilikuwa imekaa tangu mwaka 1967. Ryun huyo ndiye aliyepigwa na Kipchoge Keino wa Kenya katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, baada ya Mkenya mwenzake Keino, Ben Jipcho, kujitoa mhanga kuvuta kasi mizunguko ya mwanzo. Keino naye akaja kupigwa na Bayi katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Januari 1973. Na Jipcho, mvuta kasi wa Mexico, sasa alikuwa amesimama mstarini Christchurch akiwa tayari na dhahabu mbili za michezo ile, ya mita 5,000 na ya kuruka viunzi na maji, akiitaka ya tatu. Ungetaka kuandika historia ya mbio za kati za miaka ile, ungeanza na nani alimpiga nani.

Siku chache kabla ya hapo Bayi na Walker walikuwa wameshakutana katika mita 800. Walker alipata shaba, Bayi akaambulia nafasi ya nne. Mashabiki wa nyumbani walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mtu wao ameshamjua mgeni.

Bastola ilipolia, Bayi aliondoka kama mtu anayekimbia mbio fupi. Utaratibu wa mbio za mita 1,500, wakati ule na hata leo, ni kwamba wakubwa hutazamana, huviziana, humwachia mtu mwingine abebe upepo, kisha kila mmoja hutoa alichokificha katika mita 300 za mwisho. Bayi hakuwa na habari na utaratibu huo, au tuseme alikuwa nao na akaudharau. Alipita mita 800 ndani ya dakika 1 na sekunde 52 hivi, akiwa amewaacha wenzake kwa mita zinazokaribia 20. Hakuwa na mtu wa kumvutia kasi. Aliivuta mwenyewe, na waliokuwa nyuma walipaswa kuamua: ama wamfuate wafe naye, ama wamwache wakiomba afe peke yake.

Hakufa. Kengele ililia bado yuko mbele. Kwenye kona ya mwisho Walker alikuja, na uwanja mzima ukasimama, kwa sababu pengo lilikuwa likiyeyuka na kila aliyejua riadha alijua mtu aliyekimbia mbele namna ile lazima atafungwa miguu. Bayi aligeuza shingo, akamwona, akaongeza. Watazamaji walimaliza mbio ile wakiwa hawaamini kwamba bado kulikuwa na kitu cha kuongeza. Alikata utepe kwa 3:32.16. Walker alitumia 3:32.52, maana yake naye aliivunja rekodi ya dunia, na bado akashindwa. Jipcho alikuwa wa tatu kwa 3:33.16.

Naomba msomaji apime jambo hilo. Mtu anakimbia kuliko alivyowahi kukimbia binadamu yeyote mpaka asubuhi ya siku ile, nyumbani kwao, mbele ya watu wake, halafu anapewa medali ya fedha. Walker angeweza kuishi na uchungu huo kama Frazier alivyoishi na wake. Frazier hakumsamehe Ali kwa miaka mingi kwa kejeli na majina ya kudhalilisha aliyomwita mbele ya kamera, na uhasama wao ulizidi kunuka kadiri walivyozeeka. Bayi na Walker hawakuwahi kufika huko. Upinzani wao ulikuwa wa saa na utepe tu, na hilo pengine ndilo lililoufanya usiuzike magazetini kama ule wa mabondia.

Mwaka uliofuata ulikuwa wao wawili. Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaica, katika mashindano yaliyoandaliwa kwa heshima ya Martin Luther King, Bayi alikimbia maili moja kwa 3:51.0, akiipunguza rekodi nyingine ya Ryun kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa namna ileile: mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Mwafrika akawa anashikilia rekodi za mita 1,500 na maili kwa pamoja. Agosti 12 mwaka huohuo, Göteborg, Sweden, Walker akajibu kwa 3:49.4, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Oktoba 1, Ali na Frazier wakamaliziana Manila, katika pambano lao la tatu, lile ambalo kona ya Frazier ililisimamisha kabla ya raundi ya 15.

Ngumi zilipata pambano lao la tatu. Riadha ililisubiri Montreal, Julai 1976.

Halikuwapo. Timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule ambao Juni 16 watoto wa Soweto walipigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20 zikasusia, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa mstari wa mbele. Hivyo, kati ya mataifa yote ya dunia, ni taifa la Walker lililomfanya Bayi abaki nyumbani. Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo, mhariri angemwambia apunguze chumvi.

Walker alishinda dhahabu ya Montreal kwa 3:39.17. Hiyo ni sekunde 7 polepole kuliko Christchurch. Ilikuwa mbio ya kuviziana tangu mwanzo, ya aina ambayo isingewezekana kama kijana wa Karatu angekuwa mstarini. Wapo wanaokumbusha kwamba Bayi aliugua malaria karibu na michezo ile, na huenda asingeshinda hata kama angekwenda. Ni kweli, na ni haki yao kusema. Lakini bingwa aliyepigwa na malaria angeshindwa kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya mpinzani wake, na sisi leo tungekuwa na matokeo ya kubishania badala ya ukimya.

Sisemi kwamba Tanzania ilikosea. Ilikuwa sahihi, na historia ya Afrika Kusini imeliamua shauri hilo. Ninachosema ni kwamba bili ya msimamo ule ililipwa na watu wachache wenye majina, na mmoja wao alilipa kwa kile ambacho mkimbiaji hukipata mara moja tu maishani, kuwa na miaka 23 na kuwa tishio la dunia nzima katika mwaka wa Olimpiki. Tunapohesabu michango ya Watanzania katika kuing'oa sera ya ubaguzi, tunawataja wanajeshi, wanadiplomasia, na makambi ya wapigania uhuru kule Kongwa. Ile dhahabu ambayo haikukimbiliwa haijapata mstari wake.

Ali mwenyewe aliingia katika simulizi hii miaka minne baadaye, kwa mlango usiotarajiwa. Februari 1980, Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Wananchi walimpokea kwa shangwe, maana nani asingemshangilia shujaa wa Kinshasa? Mwalimu alikataa kuonana naye. Kutumiwa mwanamasumbwi, hata awe bingwa wa dunia, kujadili sera ya nje ya nchi aliona ni dharau. Waandishi wa habari nao walimbana Ali kwa swali ambalo ni wazi Washington haikumwandaa nalo: Waafrika waliposusia mwaka 1976 kwa ajili ya ubaguzi, Marekani ilikuwa wapi? Ali, kwa uungwana wake, alikiri kwamba hakuwa amelijua jambo hilo, na akajiuliza hadharani kama hakuwa akitumiwa.

(Mwalimu alikuwa na sababu nyingine ya kuchoshwa na habari za ngumi. Idi Amin, aliyepata kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, wakati wa vita ya Kagera alipendekeza yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, na Ali awe mwamuzi.)

Tanzania ikaenda Moscow. Kenya haikwenda. Na New Zealand, kwa sehemu kubwa, haikwenda, Walker akiwa miongoni mwa waliobaki. Mwaka 1976 yeye alikimbia na Bayi akabaki nyumbani. Mwaka 1980 mambo yakageuka. Siasa za dunia ziligawa Olimpiki kati ya watu hawa wawili kama vile ziliapa wasikutane.

Moscow Bayi hakukimbia mita 1,500. Aliingia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na alikimbia kama alivyozoea. Aliondoka mbele, akajenga pengo kubwa, na hadi mzunguko wa mwisho Mpolandi Bronisław Malinowski alikuwa bado anamfukuza. Kwenye kiunzi cha maji cha mwisho pengo likafutika. Malinowski 8:09.70, Bayi 8:12.48, fedha. Katika michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali hizo mbili za fedha ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kuleta kutoka Olimpiki hadi michezo ya Paris ya 2024.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Henry Rono wa Kenya, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya viunzi na maji, hakuwapo Moscow kwa sababu serikali yake ilisusia. Kwa hiyo fedha ya Bayi nayo ina pengo la mtu ndani yake, kama dhahabu ya Walker ilivyo na pengo la Bayi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linalonikera kidogo kuhusu namna dunia inavyoikumbuka Mbulu. Ukimtaja mkimbiaji wa Mbulu kwa mgeni yeyote aliyesoma vitabu vya kutia moyo, atamtaja John Stephen Akhwari. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Mexico, Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57 kati ya watu 57 waliomaliza. Maneno yake kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza yamezunguka dunia, na anastahili kila heshima aliyopewa.

Lakini Akhwari alikuwa mkimbiaji hodari, si mtu wa kuhurumiwa. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Hilo halisimuliwi. Na Bayi, aliyeongoza dunia tangu mstari hadi utepe, anasimuliwa kidogo kuliko yule aliyefika wa mwisho. Dunia hupenda Mwafrika anayevumilia. Mwafrika anayekwenda mbele na kuwaambia wengine wamfuate kama wanaweza huwa haijui imweke rafu gani.

Na kwenda mbele ndiko kulikokuwa urithi wenyewe wa upinzani ule, walau kwa kizazi kilichofuata. Tazama Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, Hanang, chini ya ule mlima wenye zaidi ya mita 3,400. Agosti 1978, Edmonton, Canada, akiwa na miaka 20 kama Bayi wa Christchurch, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2:15:39, akimwacha Jerome Drayton, Mkanada aliyekuwa akishangiliwa kwao. Katika michezo hiyohiyo Bayi alikosa dhahabu ya mita 1,500 kwa sehemu ndogo ya sekunde, nyuma ya Mwingereza David Moorcroft. Mwaka 1982, Brisbane, Australia, Shahanga akachukua dhahabu ya mita 10,000, kisha akaingia na marathoni.

Marathoni ile wakimbiaji wakongwe bado wanaizungumzia. Shahanga na Juma Ikangaa, Watanzania wawili, waliondoka mapema wakaiacha dunia nyuma. Kwa kilomita nyingi kamera ziliwaonyesha wao wawili peke yao, na Robert de Castella, mwenyeji, akiwa mbali akihesabu. Aliwapata. Kwanza Shahanga, aliyekuwa na mita 10,000 miguuni na akapoteza hata nafasi ya medali, halafu Ikangaa, ambaye hakukubali, akajibu, wakapokezana uongozi, hadi de Castella akashinda kwa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30. Wachambuzi wa mezani walisema Watanzania walikimbia bila akili. Mimi naona walikimbia kwa mtindo wa shule iliyofunguliwa Christchurch, na shule hiyo ina karo yake. Shahanga alirudi kushinda marathoni ya Rotterdam mwaka 1984.

Tangu hapo mtindo umebadilika. Septemba 15, 2025, Tokyo, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, jirani wa Hanang, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Alikimbia kinyume kabisa cha Bayi. Alikaa na kundi, akangoja, akamzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42. Subira ya Simbu ilileta dhahabu ambayo ujasiri wa Moscow na Brisbane ulikosa. Anayetaka kusema kwamba Simbu ndiye aliyekuwa sahihi na Bayi hakuwa, aseme, ila akumbuke kwamba rekodi za dunia za Bayi zisingepatikana kwa kungoja.

Watu hupenda kueleza mbio za Mbulu na Hanang kwa miinuko, hewa nyepesi, na watoto wanaotembea mbali kwenda shule. Yote yamo, lakini miinuko haijahama, na idadi ya mabingwa imepanda na kushuka. Kilichopanda na kushuka ni vitu vya kibinadamu: timu za jeshi, polisi na magereza zilizowaajiri vijana wenye mbio; vyuo vya Marekani kama kile cha El Paso, Texas, kilichowachukua Nyambui, Shahanga na Bayi mwenyewe; na mashindano ya shuleni. Bayi alirudi, akafungua shule, akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi. Walker alipewa heshima ya kuitwa Sir na nchi yake, na amekuwa akiishi na ugonjwa wa Parkinson, uleule uliomtesa Ali.

Bayi asingekimbia 3:32.16 bila Walker nyuma yake. Mtoto wa Endasak au wa Daudi mwenye mbio hana haja ya kuambiwa kwamba ana kipaji. Hilo analijua tangu akiwapita wenzake njiani. Anahitaji mwingine wa kumtoa jasho, tena mara nyingi, tena karibu na nyumbani, kabla hajaonekana kwa bahati kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Halmashauri za Mbulu, Hanang na Karatu, zilizokuwa wilaya moja, haziwezi kushindwa kukutanisha shule zao kila mwaka kwa mita 1,500 tu, kwa saa ya mkononi na chaki ya kuchora mstari. Waipe mbio hiyo jina la Bayi angali hai alisikie. Na kabla ya bastola wawaonyeshe watoto filamu ya Christchurch, inapatikana kwenye intaneti na haimalizi hata dakika nne.

Rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola aliyoiweka siku ile ilidumu miaka 48, hadi Mwaustralia Oliver Hoare alipoivunja mjini Birmingham mwaka 2022. Rekodi ya Tanzania ya mita 1,500 bado ni ileile, 3:32.16, ya Februari 2, 1974.